Umaarufu ni Nini, na Watu Huupataje?



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya umaarufu: maana yake ni nini, na watu huupata kwa njia gani. Ni jambo ambalo kila mtu hudhani analijua, mpaka aulizwe. Nami sitaki kulieleza kwa mifano ya nchi za mbali tu, bali nitaanza na nchi ya Bariadi na jirani zake, yaani Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa, Maswa na Meatu, nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, na kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Historia ya Wasukuma ina mafunzo mengi juu ya jambo hili, nayo yapo karibu nasi.

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Neno "maarufu" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kujua. Kitu maarufu ni kitu kinachojulikana. Neno "mashuhuri" ni jirani yake, na asili yake ni kutangaza. Lakini wasemaji wa Kiswahili wana maneno mengine ya siku nyingi: husema kwamba fulani "ana jina", au kwamba fulani "amevuma". Hilo neno la kuvuma lafaa kutazamwa sana. Upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma. Na katika neno hilo hilo limetoka "uvumi", yaani habari ipitayo kinywa kwa kinywa, wala haijulikani nani aliyeianza. Basi sifa na uvumi ni watoto wa nyumba moja, na mara nyingi mtu akiita mmoja, huitika wote wawili.

Sasa tuulize: je, kila ajulikanaye ni maarufu? Sivyo. Mkunga wa kijijini hujulikana na watu wote wa kijiji chake, lakini naye huwajua wote, na watoto wao, na mbuzi wao pia. Huo ni ujirani. Umaarufu huanza pale mtu anapojulikana na watu ambao yeye mwenyewe hawajui. Watu hao hawakula naye wala hawakufanya kazi naye. Wamepata habari zake tu. Kwa hiyo umaarufu haukai mikononi mwa mwenyewe, bali hukaa vinywani mwa wengine. Ni kama ng'ombe ambao mtu amempa mwenziwe wa kijiji cha mbali awachunge: ni wake kwa jina, lakini maziwa yao hukamuliwa na mwingine, na wakizaa au wakifa, yeye hupata habari baadaye. Mkilishika neno hili, mtaelewa yote yatakayofuata.

Njia ya kwanza ambayo watu wa zamani walipatia jina ilikuwa kufungua nchi. Neno "ntemi", ambalo kwa Kiswahili tunasema mtemi, hufungamanishwa na kutema, yaani kufyeka msitu. Aliyeingia porini na watu wake, akakata miti, akaweka mashamba mahali palipokuwa pa wanyama, huyo alistahili kukumbukwa, na uzao wake ukatawala. Lakini watu wa kale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba cheo humpa mtu jina hata kama hakufanya kazi. Kwa hiyo waliweka deni juu ya cheo hicho. Mtemi aliwajibika kwa mvua na kwa mavuno. Nchi ikipata njaa mwaka baada ya mwaka, jina lake kubwa halikumwokoa. Aliweza kuondolewa katika kiti, akawekwa mwingine. Utemi wenyewe uliondolewa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963, lakini fundisho lake lingali lina nguvu: jina litokalo katika cheo ni mkopo, na mkopo huwa na siku ya kulipwa.

Njia ya pili ilikuwa safari. Upande wa mashariki wa Meatu lipo ziwa la Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi. Vijana wa Usukuma walikwenda huko kwa miguu kutafuta chumvi, wakipita katika nyika ya simba, jua kali na kiu. Aliyerudi na mzigo wake alihesabiwa kuwa mwanamume. Wengine walikwenda mbali zaidi. Pamoja na ndugu zao Wanyamwezi walichukua mizigo ya misafara hata pwani, wakaona bahari, wakarudi na nguo, na ushanga, na maneno mapya ya Kiswahili. Mtu wa namna hiyo akiketi jioni, watu walimzunguka.

Angalieni hapa jambo moja. Aliyekwenda asirudi, hata kama alifanya ushujaa mkubwa kuliko wote, hakupata jina, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulileta. Umaarufu wahitaji mambo mawili: tendo, na shahidi wa kulisimulia. Tendo pasipo shahidi hupotea kama maji yaliyomwagwa mchangani. Shahidi pasipo tendo naye yupo, na habari zake tutazisema mbele.

Njia ya tatu ndiyo iliyo na habari nyingi kuliko zote katika Usukuma: nayo ni ngoma. Kila aliyekaa Bariadi au Maswa ajua kwamba baada ya mavuno, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, pamba na nafaka zikiwa zimekwisha toka shambani, watu hukusanyika kwa mashindano ya ngoma. Wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu. Masimulizi ya wazee husema kwamba vyama hivi vilianzishwa katika karne ya kumi na tisa na watu wawili waliokuwa wachezaji na waganga, Ngika na Gumha. Ngika ndiye baba wa Wagika, na Gumha ndiye baba wa Wagalu. Walishindana wao kwa wao kwa uchezaji na kwa dawa, na wafuasi wao hawajaacha kushindana hata leo.

Mgeni akitazama mashindano hayo huuliza: mwamuzi yuko wapi? Jibu ni kwamba mwamuzi ni watu wenyewe. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji wako huru kwenda wapendako. Kundi moja likileta mchezo mpya, watu hukimbilia huko. Kundi la pili likitoa chatu, au kinyago, au wimbo wenye kuchoma, watu hugeuka na kurudi mbio. Mwisho wa siku, aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hupigana vita ambayo silaha yake ni macho ya wengine. Ndiyo maana kila upande hutafuta dawa ya kuvuta watu, na waganga wa ngoma huheshimiwa sana.

Sisemi leo kama dawa hizo zina nguvu au hazina. Nataka tutazame jinsi desturi hii inavyoonyesha umaarufu ulivyo, wazi kabisa, kama mtu aliyevuliwa nguo. Katika uwanja ule twaona mambo matatu. La kwanza, mtu mmoja akigeuka kutazama, wa pili hugeuka ili aone mwenzake anatazama nini, na wa tatu hugeuka kwa sababu wawili wamegeuka. Punde si punde uwanja wote umehama, na wengi hawajui sababu. Watu huenda penye watu. La pili, mchezo uliowavuta watu jana hauwavuti leo. Sharti manju abuni kitu kipya kila mwaka, asipofanya hivyo hubaki peke yake na ngoma zake. La tatu, watazamaji hawampendi mchezaji kama ndugu yao; wanapenda kile anachowapa. Akichoka, watamwacha bila kuaga. Ngoma ivumayo sana hupasuka, nao huenda kwa mwenye ngoma nzima.

Katika uwanja huo huo wa ngoma alitokea mtu ambaye jina lake limeshinda majina yote ya Usukuma. Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa Igulu, mwana wa Bugomola, na kwao ni Nera, katika nchi ya Kwimba. Lakini watu wote humjua kama Ng'wanamalundi, jina la utani ambalo husemwa lilimjia kwa ajili ya urefu wa miguu yake. Aliishi katika zamani za Wadachi na mwanzo wa utawala wa Waingereza, akafa katika miaka ya 1930. Alikuwa mchezaji hodari na mganga, naye alizunguka akicheza katika nchi nyingi za Usukuma, na watu wakimfuata kwa makundi.

Mkimwuliza mtu yeyote wa Bariadi habari zake, atawaambia kwamba Ng'wanamalundi alikausha miti kwa kuinyoshea kidole. Atawaambia kwamba Wadachi walimkamata wakamfunga, wakaona ajabu zake, wakaogopa. Mwingine atasema hivi, mwingine atasema vile, na kila mmoja ataapa kwamba babu yake aliona kwa macho. Basi kwetu sisi tunaosoma historia, mtu huyu ni mwalimu mkubwa, maana katika habari zake twaweza kutenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo hayana ubishi mwingi: mtu huyu aliishi, alicheza, alivuta watu, aliingia katika mikono ya serikali ya Wadachi. Fungu la pili ni yale yaliyoongezwa kadiri habari ilivyosafiri. Mwanafunzi wa historia halitupi fungu la pili, kwa maana hilo nalo lina ukweli wake: halituambii sana alivyokuwa Ng'wanamalundi, lakini latuambia walivyokuwa watu waliolisimulia, na walichokitamani.

Walitamani nini? Kumbukeni siku zile. Utawala wa Wadachi ulileta kodi na kazi za lazima, na katika nchi nyingi mtu aliweza kuchapwa viboko pasipo kusema neno. Watu walikuwa hawana bunduki za kutosha wala chama cha kuwasemea. Ndipo wakawa na habari ya mtu mmoja, mwenzao, mchezaji wa ngoma, ambaye hata serikali yenye bunduki haikumweza kwa urahisi. Kila aliyeisimulia habari hiyo alijiona ameongezeka kimo kidogo. Basi Wadachi walipomkamata walidhani wanamnyamazisha. Kumbe wamempa jina ambalo ngoma peke yake isingeweza kumpa. Mara nyingi katika historia mtawala ndiye ampigiaye mbiu yule asiyempenda.

Jina hilo halikufa pamoja na mwenyewe. Baada ya masimulizi ya jioni likaingia katika maandishi, na mtunzi Emmanuel Mbogo akaandika mchezo wa kuigiza uitwao "Ngoma ya Ng'wanamalundi", ambao ulisomwa na watu wasiopata kuiona Kwimba maishani mwao. Hivyo ndivyo jina linavyopanda ngazi: kutoka uwanjani hata motoni jioni, kutoka motoni hata kitabuni, na kutoka kitabuni hata shuleni.

Hapo tumefika njia ya nne, nayo ni kalamu. Nguvu ya kalamu ni kubwa kuliko tunavyodhani, nami nitaieleza kwa habari ya ziwa na ya mto. Tarehe 3 Agosti, mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa letu karibu na Mwanza. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza tangu zamani, wakivua samaki humo na kusafiri juu yake. Speke akaliita kwa jina la malkia wake, Victoria, ambaye hakulitia mguu hata siku moja. Leo dunia nzima yalijua ziwa kwa jina la mtu ambaye hakuliona, kwa sababu moja tu: aliyelipa jina hilo aliandika, na maandishi yake yakapigwa chapa.

Na mto wetu Simiyu? Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita katika Usukuma akafika Kageye, kando ya ziwa. Aliuona mto Simiyu unavyoingia ziwani, akaandika kwamba huo ndio chanzo cha mbali cha mto Naili upande wa kusini. Kwa muda mto wetu ukawa na jina mezani pa wataalamu wa Ulaya. Baadaye wengine walichunguza vizuri zaidi, wakaonyesha kwamba Kagera ndio mto mkubwa kupita yote iingiayo ziwani, na jina la Simiyu likashuka. Lakini mto wenyewe haukupungua hata kata moja ya maji. Siku ulipotajwa London, ng'ombe walikunywa. Siku uliposahauliwa, ng'ombe walikunywa. Hapa twaona tofauti kati ya sifa ya kitu na kitu chenyewe, na ni heri kijana ailewe tofauti hiyo mapema.

Tena, Stanley hakufika Kageye peke yake. Alikuja na chombo kiitwacho Lady Alice, kilichokatwa vipande vipande, kikabebwa mabegani mwa watu kutoka pwani hata ziwani. Msafara ulikuwa na watu zaidi ya 300 ulipoondoka Bagamoyo mwaka 1874. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kwa maradhi na kwa mapigano. Mwenzake Stanley, kijana Frederick Barker, alikufa Kageye mwaka ule wa 1875. Jina la Stanley hufundishwa shuleni mpaka leo. Ni wanafunzi wangapi wawezao kutaja jina la mpagazi mmoja aliyebeba kipande cha chombo kile? Chombo kisingefika ziwani kwa jina la Stanley. Kilifika kwa mabega. Lakini bega haliandiki.

Katika siku za karibuni vyombo vya kueneza jina vimeongezeka. Mwaka 1951 ilianza kusikika sauti ya redio kutoka Dar es Salaam, ile ambayo wazee waliiita simu ya upepo, na mtu aliyesema saa moja katika chumba kidogo alijulikana katika wilaya ambazo hajapata kuzipita. Leo simu ya mkononi yaweza kumpa kijana wa Bariadi jina la nchi nzima kwa siku moja, na kulifuta siku ya pili. Vyombo ni vipya, lakini mambo ni yale yale ya uwanja wa ngoma: watu huenda penye watu, na mchezo wa jana hauvuti leo.

Sasa sharti tuseme juu ya jambo zito, nalo ni jina baya. Zamani sana, mwaka 356 kabla ya Kristo, palikuwa na mtu katika mji wa Efeso, jina lake Herostratus. Hakuwa na kazi iliyompa sifa. Basi akachoma moto hekalu la Artemi, lililohesabiwa kuwa moja ya maajabu saba ya dunia, ili tu ajulikane. Watu wa Efeso walimwua, wakapiga marufuku jina lake lisitajwe. Hata hivyo mwandishi mmoja alilitaja, nasi twalijua. Mtu huyu alifahamu siri moja ya kutisha: kujenga hekalu kulichukua miaka mingi na mikono mingi, lakini kulichoma kulihitaji usiku mmoja na mkono mmoja. Uovu ni njia fupi ya umaarufu. Na kwa kuwa ni fupi, kila kizazi huwa na wapitaji wake.

Liko tena jina baya la namna nyingine, baya zaidi, kwa sababu mwenyewe hakulitafuta wala hakulistahili. Nimesema kwamba sifa na uvumi ni watoto wa nyumba moja. Katika nchi yetu ya Usukuma bibi mzee aweza kupata jina kwa siku chache tu. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, aliokaa nao miaka hamsini akipikia watoto na wajukuu. Mtoto wa jirani anaugua. Mtu mmoja ananong'ona. Wa pili anageuka kutazama. Wa tatu anageuka kwa sababu wawili wamegeuka. Hatimaye hata watu wasiomjua wanamjua: yule mchawi wa kijiji fulani. Huo nao ni umaarufu, kwa maana ile ile tuliyoisema tangu mwanzo. Ni shahidi pasipo tendo.

Msidhani ninasema hadithi. Tume ya serikali ilichunguza mauaji ya watu walioshukiwa uchawi katika Tanzania, ikahesabu watu 3,693 waliouawa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya watu wote hao waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Shinyanga. Kila mmoja wao aliuawa kwanza kwa maneno, kisha kwa panga. Na wale waliosema maneno hayo walikuwa watu wa kawaida, wanaosalimia vizuri asubuhi. Basi, ndugu zangu, mkumbuke kwamba sisi tulio watazamaji ndio tufanyao majina ya watu. Mtu anaponong'ona, yupo mmoja awezaye kukataa kugeuka. Akikataa huyo, na wa tatu hatakuwa na sababu ya kugeuka.

Baada ya kusema hayo, mtu aweza kuuliza: je, umaarufu wote ni upepo na moshi? La. Lipo jina lenye mizizi, nami nitalitolea mifano miwili ya kwetu.

Wa kwanza ni nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kijiji. Desturi ya Wasukuma ni vijana kukusanyika kulima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakipiga ngoma ya bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Nsumba ntale huchaguliwa na wenzake. Hawezi kuwadanganya, maana wamelima naye bega kwa bega. Wamemwona akichoka, wamemwona akigawa chakula, wamemwona siku ya ugomvi. Jina lake ni dogo, halivuki mto. Lakini ndani ya mipaka hiyo ni la kweli, kwa sababu wale wanaolisema wanamjua. Mtu akipata jina kubwa nje, huku hana hilo dogo nyumbani, mmtilie shaka.

Wa pili ni Paul Bomani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa walikuwa na manung'uniko mengi juu ya mizani. Mkulima alileta pamba yake, naye hakuwa na njia ya kujua kama uzito alioandikiwa ni wa haki. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliokuwa wakisimama kando ya mizani na kutazama mshale wake. Kazi hiyo haikuwa na ngoma wala vigelegele. Ni kusimama juani kutwa nzima na kusoma namba. Katika juhudi hizo za wakulima kikatoka chama cha wakulima cha mwaka 1952, na mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa Victoria Federation, ambalo lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima Waafrika katika bara zima. Bomani, aliyekuwa kijana bado, alikuwa kiongozi wake. Baadaye akawa waziri wa fedha wa Tanganyika huru, na alipofariki mwaka 2005 nchi nzima ilimtaja.

Jina la Bomani lilikuwa kubwa, na alilistahili. Lakini tazameni lilivyosimama: lilisimama juu ya wapimaji wale, ambao hatuna majina yao. Hawakuvuma. Walisoma namba kwa uaminifu, na mkulima wa Ntuzu akapata haki yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha huwaambia wanafunzi waandike majina matano ya watu maarufu. Huandika watawala, waimbaji na wacheza mpira. Kisha huwaambia waandike majina matano ya watu ambao pasipo wao wasingekuwa wameketi darasani. Hapo kalamu husimama kidogo, kisha huanza kwenda haraka: mama, bibi, mwalimu wa darasa la kwanza, mjomba aliyeuza ndama kwa ajili ya ada. Orodha hizi mbili haziwi na jina moja linalofanana. Sisemi kwamba orodha ya kwanza ni ya uongo. Nasema kwamba mtu mwenye akili huchukua zote mbili, na hujua ipi ni ipi.

Basi tukusanye mavuno ya mazungumzo haya. Umaarufu ni kujulikana na usiowajua. Watu wameupata kwa cheo, kwa safari, kwa ngoma, kwa mateso waliyopewa na watawala, kwa kalamu, kwa uovu na kwa utumishi. Haukai kwa mwenyewe, bali kwa wanaosema. Kwa hiyo mgema akisifiwa, asilitie tembo maji, maana waliomsifu leo wataonja kesho.

Kwa ninyi vijana nina neno la mwisho, nalo ni kazi. Msingoje watu wa mbali waje kuandika habari za nchi yenu. Katika kila kijiji cha Bariadi, Itilima, Busega, Maswa na Meatu wapo wazee wanaokumbuka nani alichimba kisima cha kwanza, nani alifundisha watoto chini ya mti kabla shule haijajengwa, nani alikataa kuusema uvumi juu ya jirani yake akaokoa maisha ya mtu. Chukueni daftari. Kaeni karibu nao, waulizeni kwa adabu, andikeni jina, mahali na mwaka, na mliloambiwa na mmoja mkalipime kwa maneno ya mwingine. Bega haliandiki, lakini ninyi mmefundishwa kuandika. Wazee hao ni wachache sasa kuliko walivyokuwa mwaka jana. Basi anzeni kabla ya mvua za masika.